Waipa zinafagia juani: badilisha sensa ya mvua mwenyewe, lakini anza na jeli

Waipa zikifagia kioo kikavu saa saba mchana, au zikagoma kabisa huku masika yakimwagika, wengi wetu hukimbilia duka la spea kuulizia sensa ya mvua. Usikimbie bado. Hasa kama gari lako limewahi kubadilishwa kioo cha mbele, sensa yenyewe huenda ni nzima. Kilichokufa ni jeli, yaani kile kipande chembamba, laini na angavu kinachokaa kati ya sensa na kioo. Sensa ni ghali, jeli ni ya bei ndogo, na kazi ya kubadilisha moja ni ileile ya kubadilisha nyingine.

Mtu asiye na haraka huimaliza kwa chini ya saa moja. Huhitaji jeki wala kulala chini ya gari. Unachohitaji zaidi ni mikono misafi, na hilo ndilo linalowashinda wengi.

Sensa inaionaje mvua?

Sensa haiguswi na maji hata siku moja. Imekaa ndani ya gari, nyuma ya kioo kidogo cha kutazamia nyuma, imebanwa kwenye kioo cha mbele. Ndani yake mna taa ndogo za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga huo huingizwa kwenye kioo kwa mshazari wa kama digrii 45. Kati ya kioo na hewa, mwanga wenye mshazari unaozidi takribani digrii 42 hauwezi kutoka. Hurudishwa wote ndani, na jicho la sensa huupokea. Tone la maji likitua pale nje, kikomo hicho hupanda hadi kama digrii 62. Mwanga wa digrii 45 sasa una pa kutokea, jicho linapokea pungufu, na waipa zinaamriwa kufagia. Mwanga ukizidi kupungua, waipa huongezewa kasi.

Sasa fikiria kati ya sensa na kioo kuna hewa. Mwanga utapotea kabla haujaingia kwenye kioo, na ndiyo maana jeli ipo: inaziba nafasi yote ili mwanga upite bila kukutana na hewa. Povu moja, vumbi, au alama ya kidole chenye mafuta hupunguza mwanga, na sensa haina namna ya kujua kuwa hilo ni povu wala si mvua. Inafanya kilekile ilichofundishwa.

Katika magari mengi kasha hilohilo lina pia jicho linalowasha taa kubwa giza linapoingia. Taa zikianza kuwaka mchana kweupe wakati uleule waipa zinapovurugika, tafuta tatizo mahali pamoja, si mawili.

Kabla hujanunua chochote

Pita kwenye orodha hii kwa mpangilio wake. Mambo manne ya kwanza hayana gharama.

1. Mkono wa waipa. Je, umeandikwa AUTO? Kama umeandikwa INT tu, gari lako huenda halina sensa kabisa; hizo ni waipa za vipindi. Kama ni AUTO, tafuta pete ndogo kwenye mkono huo inayoongeza na kupunguza wepesi wa sensa. Mwosha magari akiigeuza hadi mwisho bila kujua, waipa zitaruka kwa tone moja.

2. Uso wa nje wa kioo. Osha vizuri sehemu iliyo mbele ya sensa. Utomvu wa miti, wadudu waliogandia, stika, au ule ukanda wa tinti unaobandikwa juu ya kioo vinaweza kuisumbua sensa. Tazama pia kama jiwe limeacha alama au ufa papo hapo. Ufa ukipita mbele ya sensa, hakuna jeli itakayosaidia.

3. Mipira ya waipa. Mpira uliochakaa huacha utando wa maji kila unapopita. Sensa huona maji bado yapo, inaagiza tena, na tena. Watu wamenunua sensa mpya kwa tatizo la mpira.

4. Jeli yenyewe. Simama nje, washa tochi ya simu, tazama eneo la sensa kupitia kioo. Jeli nzima ni angavu na imeshika kioo pote. Ukiona mapovu, ukungu mweupe, au ukingo ulioachia, umeshampata mwizi.

5. Fyuzi. Angalia kama AUTO imekufa kabisa huku kasi za kawaida zikifanya kazi. Mchoro uko kwenye kifuniko cha kasha la fyuzi au kwenye kitabu cha gari. Kwa gari lililotoka Japani mchoro huwa wa Kijapani, na programu ya simu inayotafsiri maandishi kwa kamera inatosha kukupa mwanga.

6. Umeme kwenye soketi ya sensa. Hapa unahitaji mita. Sensa nyingi zina waya tatu: chanya ya volti 12, hasi, na waya wa mawasiliano. Washa swichi bila kuwasha injini, pima kati ya chanya na hasi. Usipopata umeme, tatizo liko kwenye waya, na sensa mpya haitabadili kitu.

> SIMAMA HAPA KAMA KUNA KAMERA
> Magari mengi ya miaka ya karibuni yana kamera palepale karibu na sensa: ya kulinda mstari wa barabara au ya kufunga breki yenyewe. Subaru nyingi zenye EyeSight zina kamera mbili. Kamera hizo hupangwa kwa vipimo, na kusogezwa kidogo tu kunaweza kuzifanya zione barabara isivyo. Kama huwezi kuifikia sensa bila kulegeza kamera, mwachie fundi mwenye mashine ya kuipangilia upya. Kama sensa inafikika yenyewe, endelea, lakini usiiguse lenzi ya kamera wala skrubu zake.

Jeli au sensa nzima?

Nunua jeli peke yake kama uliona mapovu au ukungu, au kama tatizo lilianza baada ya kioo kubadilishwa. Nunua sensa kama jeli mpya haikusaidia na umeme unafika, kama kasha limepasuka au maji yaliingia kwenye soketi, au kama kompyuta ya kupimia gari imeitaja sensa yenyewe kuwa mbovu.

Usinunue sensa kwa jina la gari. Nunua kwa namba iliyoandikwa mgongoni mwake. Gari moja la mwaka mmoja linaweza kuwa na sensa za aina mbili: yenye jicho la taa na isiyo nalo. Kwa hiyo utaratibu mzuri ni kuitoa ya zamani kwanza, kuipiga picha, kisha kwenda dukani na picha hiyo. Ukienda Gerezani pale Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, bila namba, utapewa inayofanana, na kufanana si kulingana.

Spea ya mtumba inakubalika kwa kazi hii, kwa sharti moja: jeli yake usiitumie. Muuzaji atakuambia bado inanata. Hata kama inanata, imeshabeba vumbi la safari nzima. Nunua jeli mpya ya kipimo na umbo la sensa yako. Huuzwa ikiwa imefunikwa plastiki pande zote mbili. Nunua mbili. Ya kwanza watu wengi huiharibu.

Andaa hivi

☐ Jeli mpya (au sensa mpya na jeli yake)
☐ Kipande cha plastiki kigumu cha kubinulia. Kadi ya benki iliyokwisha muda inafaa
☐ Bisibisi bapa ndogo, ncha yake imezungushiwa utepe wa karatasi
☐ Alkoholi ya isopropili, asilimia 70 au zaidi
☐ Vitambaa viwili safi visivyoacha nyuzi
☐ Chupa ya kunyunyizia maji
☐ Simu ya kupigia picha kila hatua
☐ Kivuli

Kuhusu alkoholi: soma lebo. Spiriti nyingine za famasi hutiwa mafuta kidogo ili zisikaushe ngozi, na mafuta hayo hubaki kwenye kioo kama utando. Petroli na thina ziache kabisa. Zitaacha mabaki au kula plastiki.

Kivuli si starehe. Kioo kilichokaa kwenye jua la Dar es Salaam au Mombasa huwa cha moto kiasi kwamba jeli hulegea na alkoholi hukauka kabla hujafuta. Wa Mbeya au Limuru wana shida tofauti: asubuhi kioo huwa na ukungu wa maji kwa ndani. Subiri kikauke na kipate joto kidogo.

> USIHARAKISHE KUCHOMOA BETRI
> Kwa sensa hii inatosha kuzima swichi, kutoa ufunguo na kusubiri dakika chache kompyuta za gari zilale. Redio nyingi za Toyota kutoka Japani hujifunga betri ikichomolewa, zikadai kadi ya ramani au namba ya siri ambayo mwenye gari wa kwanza aliiacha kwao. Utatengeneza waipa na kupoteza redio.

Kuitoa ya zamani

1. Weka mkono wa waipa kwenye OFF, zima swichi, toa ufunguo. Kama gari ni la kubonyeza kitufe, weka ufunguo mbali nalo.

2. Toa kava la plastiki lililo nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma. Mara nyingi ni vipande viwili vilivyoshikana kwa klipu. Ingiza kadi kwenye mstari wa katikati, sukuma taratibu hadi klipu iachie. Plastiki iliyopigwa jua miaka kumi huvunjika kwa hasira, kwa hiyo vuta pale klipu ilipo, si ukingoni. Aghalabu kioo cha kutazamia nyuma hakihitaji kung'olewa.

3. Itambue sensa: kasha jeusi la sentimita chache, limelala bapa kwenye kioo, na fungu jembamba la waya linaingia mgongoni. Piga picha ikiwa imekaa, uone iko upande gani.

4. Chomoa soketi kwa kubonyeza ulimi wake kwanza. Shika soketi, usivute waya.

5. Tafuta klipu mbili za chuma ubavuni. Ziachie moja baada ya nyingine kwa bisibisi, ukisukuma kutoka kwenye kioo, si kuelekea kwenye kioo. Kioo cha mbele ni matabaka mawili yaliyoshikanishwa kwa plastiki katikati. Ukikitumia kioo kama egemeo la bisibisi, tabaka la ndani linaweza kupasuka, na hapo gharama imeruka kutoka jeli hadi kioo kizima.

6. Inua sensa kwa kuanzia ukingo mmoja. Jeli itavuta, ipe muda iachie yenyewe.

Kuna sensa chache zisizo na klipu, zilizobandikwa moja kwa moja kwa utepe angavu wenye gundi. Hizo zinahitaji utepe wa aina yake. Ukikuta yako ni hivyo, usiing'oe hadi uwe na utepe huo mkononi.

Breketi (fremu inayoishika sensa) iliyogandishwa kwenye kioo haiondoki. Itikise kidogo kwa kidole uone kama bado imeshika. Kama imeachia, kazi imegeuka kuwa ya fundi wa vioo, kwa sababu breketi iliyokaa kombo haiwezi kuikandamiza jeli sawasawa.

Kusafisha

Hii ndiyo hatua ambayo matokeo yote yanategemea, nayo ndiyo inayofanywa kwa haraka kuliko zote. Iviringishe jeli ya zamani kwa kidole hadi ijikusanye na kutoka. Usiikwangue kwa wembe kwenye uso wa sensa. Mikwaruzo hutawanya mwanga kama povu linavyofanya.

Kisha tia alkoholi kwenye kitambaa, si moja kwa moja kwenye kioo, na ufute eneo lote ndani ya breketi. Geuza kitambaa upande safi, futa tena. Kausha kwa kitambaa cha pili. Kama unarudishia sensa ileile, safisha uso wake namna hiyohiyo. Tazama kwa tochi kutoka pembeni: kioo kisiwe na wingu, unyuzi wala duara la alkoholi iliyokauka. Kikiwa na chochote kati ya hivyo, rudia. Usipulize kwa mdomo.

Kufunga mpya

1. Nawa mikono kwa sabuni, kausha.

2. Bandua plastiki ya upande mmoja wa jeli na uilaze kwenye sensa kwa kuanzia ukingo mmoja ukielekea mwingine, vile unavyobandika kinga ya kioo cha simu. Ukikuta povu, inua upande huo na uilaze upya. Kama sensa imekuja na jeli tayari, ruka hatua hii.

3. Bandua plastiki ya upande wa pili ukiwa tayari umeshaketi kwenye gari, si mezani. Kuanzia hapo jeli isiguswe na kitu chochote isipokuwa kioo. Ikianguka kwenye kapeti, ndiyo sababu ulinunua mbili.

4. Peleka sensa kwenye breketi kwa kuinamisha: ukingo mmoja uguse kwanza, kisha ulaze uliobaki polepole ili hewa isukumwe nje. Kuibandika bapa kwa mara moja ni kuifungia hewa ndani.

5. Kandamiza kwa vidole viwili, sawa pande zote, kisha funga klipu zote mbili kwa pamoja. Ukifunga moja kwanza, upande wa pili huinuka na kunyonya hewa.

6. Toka nje, tazama kwa tochi. Vidoa vidogo sana vinaweza kutoweka jeli inapotulia. Povu kubwa kuliko kichwa cha pini halitatoweka kwa kulitumainia: fungua, safisha, tumia jeli ya pili.

7. Rudisha soketi hadi isikike ikibofya. Kava liache kwanza.

> MAKOSA YANAYORUDIWA
> Supagluu. Mvuke wake huacha weupe kwenye kioo na kwenye jicho la sensa, na sensa haitoki tena ikiwa nzima.
> Jeli ya nywele au ya altrasaundi. Inafanya kazi siku mbili tatu, ndiyo maana ina mashabiki. Ina maji, na maji yakikauka hewa inaingia.
> Silikoni ya tyubu ya madirisha. Si angavu vya kutosha, na mapovu yake hayatolewi.
> Kurudishia jeli ya zamani. Ikishainuliwa, imekwisha.

Kuijaribu

Hakikisha hakuna mkono wala kitambaa kwenye kioo. Washa swichi, weka mkono wa waipa kwenye AUTO, pete ya wepesi katikati. Magari mengi hufagia mara moja kukujulisha kuwa sensa imeamka. Kisha kioo kikavu kiache dakika mbili. Waipa zisisogee.

Mwenzako asimame ubavuni mwa gari, si mbele, anyunyizie maji eneo la sensa peke yake. Waipa zifagie. Aongeze maji; ziongeze kasi. Aache, zipunguze na kutulia. Ukimwagia maji upande wa abiria tu na zisisogee, hilo si kosa. Sensa huona eneo lake dogo, basi.

Baadhi ya magari hayaiamshi AUTO hadi gari lianze kutembea au hadi uurudishe mkono OFF kisha AUTO. Jaribu hivyo kabla ya kukata tamaa. Yote yakiwa sawa, rudisha kava.

Bado inagoma?

Kama ulibadilisha jeli tu, rudi kwenye fyuzi na soketi. Kama uliweka sensa nyingine, huenda gari halijaitambua. Magari ya Ulaya, kama Volkswagen, Audi, BMW na Mercedes-Benz, mara nyingi hutaka sensa isajiliwe kwa kompyuta, na mengine huambiwa hata aina ya kioo kilichopo, kwa kuwa vioo havipitishi mwanga sawa. Kijimashine cha bei ndogo kinachosoma makosa ya injini hakiwezi hilo. Mtafute fundi umeme mwenye mashine ya aina ya gari lako na umwambie wazi: «nimebadilisha sensa ya mvua, namba ni hii, naomba uisajili». Asije akaanza kukuuzia nyingine.

Kuanzia sasa

Kiangazi, mkono wa waipa ubaki OFF. Vumbi letu ni mchanga, na waipa inayofagia mchanga mkavu huchora kioo. Weka OFF pia kabla ya kuosha gari, na unapokaribia taa za barabarani ambako vijana wanafuta vioo. Waipa ya AUTO haiujui mkono wa mtu.

Na siku jiwe likikulazimisha kubadilisha kioo kizima, muulize fundi wa vioo haya kabla hajakata gundi ya kioo cha zamani:

☐ Kioo kipya kina nafasi angavu ya sensa kwenye ule weusi wa juu?
☐ Breketi ya sensa imo, au itahamishwa kutoka kioo cha zamani?
☐ Jeli mpya imo kwenye bei? Kama haimo, mpe uliyoinunua mwenyewe.
☐ Atakuruhusu unyunyizie maji na kujaribu AUTO kabla hujalipa salio?